Mrithi wa Bumbuli na Kiti cha Vugha

Kila taasisi, iwe ya utafiti wa lugha au wa kompyuta, hujaribiwa siku inapotafuta mkuu mpya. Wasambaa wa milima ya Usambara walilikabili jambo hilo mapema. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy anasimulia kwamba Mbegha, mtawala wa kwanza, alipofariki, wazee wa Vugha waliuficha msiba hadi walipomleta mwanawe, Buge, kutoka Bumbuli. Tangu hapo Bumbuli ikawa makao ya mrithi, mahali pa kujifunzia utawala.

Alipofariki Kimweri ye Nyumbai, katika miaka ya 1860, utaratibu huo haukutosha. Mjukuu wake, Shekulwavu, alitoka Bumbuli akakalia kiti cha Vugha kwa haki. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alitawala Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara, akajipatia bunduki kwa biashara. Shekulwavu akaondolewa, na nchi ikaingia vitani.

Mrithi aliandaliwa, kilichohama ni nguvu, kutoka mlimani hadi tambarare. Kumteua mkuu kwa utaratibu ni sharti la kwanza. La pili ni kiti chenyewe kubaki na uwezo wa kurithiwa.