Doom na faili zake: mchezo uliokatwa vipande ukadumu

Bandugu, kama ulishafanya programu kwa kazi yako ya mwisho wa masomo, hali hii unaijua: faili moja, mistari elfu nne, kila kitu humo ndani. Menyu iko hapo, hesabu ziko hapo, picha nazo hapo hapo. Rafiki anataka kukusaidia, anafungua, anafunga, anarudi kwake. Mimi nilipita hapo. Kumbe hata wale wakubwa waliotengeneza michezo ya kwanza, hilo swali la kugawa kazi liliwakuta mapema sana.

Mwaka 1962, pale MIT, Marekani, vijana walikuwa wakicheza Spacewar! kwenye mashine ya PDP-1. Programu ile saa ilikuwa matundu kwenye utepe wa karatasi. Steve Russell aliandika kiini cha mchezo, na nyota akazitawanya ovyo tu. Peter Samson hakufurahi: akaandika sehemu yake mwenyewe yenye nyota za anga ya kweli, kwa utepe wake, ikaunganishwa na mchezo. Angalia, kipande kilijitenga juu mtu mwingine ndiye aliyekishika. Miaka ya 1975 na 1976 Will Crowther aliandika Adventure kwa lugha ya Fortran, na maelezo ya pango akayaweka kwenye faili ya data, mbali na programu yenyewe. Hizo zilikuwa hatua ndogo.

Mfano mkubwa kwangu ni Doom, wa id Software kule Texas, uliotoka tarehe 10 Desemba 1993. Umeandikwa kwa lugha ya C, kwenye faili zaidi ya 50, na majina ya faili nyingi yanaanza na herufi inayosema kazi yake. Zenye p_ ni mchezo wenyewe: adui, milango, risasi. Zenye r_ ni kuchora ukuta na sakafu. w_wad.c inasoma ile faili kubwa ya WAD yenye ramani, picha na sauti, na z_zone.c inagawa memori. Faida ya kwanza ni ya kila siku: ukibadilisha p_enemy.c, kompaila inatafsiri hiyo moja tu, halafu vipande vinaungwa upya. Kwa mashine za wakati ule hiyo haikuwa kitu kidogo.

Lakini herufi yenye maana kuliko zote ni i_. Hapo ndipo mchezo unakutana na mashine: skrini, kibodi, sauti, mtandao, saa. Ilitokea hivyo kwa sababu John Carmack, John Romero na wenzao walikuwa wanaandika kwenye kompyuta za NeXT, na wateja walikuwa na DOS. Mchezo mmoja, nyumba mbili. Basi yale yanayotofautiana yakafungiwa chumba kimoja, na zile faili zingine hazikuwa na haja kubwa ya kujua ziko nyumba gani.

Miaka minne baadaye ukuta huo ulilipa. Tarehe 23 Desemba 1997 Carmack alitoa maandishi ya programu yote bure. Shida ikatokea: ile programu ya sauti upande wa DOS haikuwa yao, walikuwa na haki ya kuitumia tu. Kuitangaza hawakuweza. Kama ingekuwa imechanganywa ndani ya faili za adui na milango, nani angeitoa bila kuvunja kila kitu? Ilikuwa pembeni, kwa hiyo wakatoa toleo la Linux, ambalo Bernd Kreimeier alilisafisha kwanza, na ambalo sauti yake inachezwa na programu ndogo ya pekee.

Tusiwapambe sana lakini. Ukifungua doomstat.h utakuta vigeu vingi ambavyo faili karibu zote zinaviona na kuviguza. Mwalimu mkali angekata pointi hapo, na mimi ningemuunga mkono. Kuta za Doom zina madirisha mengi. Ila ule mmoja wa i_ ulisimama.

Mwaka 1999 maandishi yale yaliwekwa chini ya leseni ya GPL, na watu wakaanza kuyapeleka kila mahali: Windows, Mac, simu, hata mashine ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya michezo. DOS imezeeka, NeXT haipo tena sokoni. Na anayeuhamisha Doom leo, kazi yake kubwa iko kwenye i_video.c, i_sound.c na ndugu zao. p_enemy.c, kule adui anapoamua amfuate nani, anaweza kuiacha vile alivyoikuta.