Dkt Margaret Ogola: Tabibu wa mayatima aliyeshika pia kalamu

MAELFU ya Wakenya waliofanya mtihani wa kidato cha nne walilifahamu jina la Margaret Ogola wakiwa darasani, likiwa kwenye jalada la riwaya ya The River and the Source. Ni wachache kati yao waliojua kuwa mwandishi huyo alikuwa daktari wa watoto, na kwamba wengi wa wagonjwa wake walikuwa mayatima ambao jamii ilikuwa imeshawakatia tamaa.

Dkt Ogola alizaliwa mnamo Juni 12, 1958 huko Asembo, Nyanza. Alisomea Thompson's Falls High School na Alliance Girls' High School kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alihitimu shahada ya udaktari na upasuaji mwaka wa 1984. Mnamo 1990 alipata shahada ya uzamili katika utabibu wa watoto.

Mwaka huo wa 1984 ndio pia mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi aliporipotiwa nchini Kenya. Hivyo basi, maisha yake yote ya udaktari yaliandamana na ugonjwa huo. Kufikia Novemba 1999, wakati Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa, nyumba nyingi zilikuwa zimebaki na watoto bila wazazi.

Wengi wanamkumbuka Dkt Ogola kama mkurugenzi wa matibabu katika makao ya Cottolengo, Nairobi, yanayowatunza mayatima wenye virusi vya HIV. Kazi hiyo ilihitaji moyo. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuanza kuwafikia Wakenya wa kawaida hadi miaka ya 2000, na bila dawa hizo takriban nusu ya watoto wanaozaliwa na virusi hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kosa la wengi wakati huo lilikuwa kudhani kwamba penye upungufu wa dawa hapana kazi ya daktari. Mtoto mwenye virusi huuawa na nimonia, kifua kikuu, kuhara na utapiamlo, na maradhi hayo yanaweza kutibiwa. Lishe bora, antibiotiki zinazotolewa mapema na mlezi anayeitambua homa kabla haijazidi huweza kumwongezea mtoto miaka ya kuishi.

Isitoshe, si kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi alikuwa ameambukizwa. Kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto hadi afikapo miezi 18 hivi, na kipimo cha kawaida kikazionyesha kana kwamba ni zake. Aliyemtelekeza mtoto kwa sababu ya kipimo cha mapema huenda alimtelekeza mtoto mzima wa afya.

Akiwa Mkatoliki, Dkt Ogola alihudumu pia katika idara ya Baraza la Maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini inayoshughulikia afya na masuala ya familia. Mwaka wa 1995 alikuwa miongoni mwa waliohutubu kuhusu hadhi ya mwanamke wa Kiafrika wakati wa kongamano la dunia la wanawake mjini Beijing, China.

Daktari huyo huyo ndiye anayezungumza ndani ya vitabu vyake. The River and the Source, iliyochapishwa mwaka wa 1994, ilichipuka kutokana na masimulizi aliyopokea kwa mamake kuhusu nyanya yake na mama wa nyanya yake. Mhusika mkuu, Akoko, ni mjane wa chifu anayefunga safari hadi Kisumu kudai haki mbele ya serikali ya kikoloni baada ya shemeji yake kunyakua utawala.

Vizazi kadhaa baadaye, Becky anafariki kutokana na Ukimwi na kuacha watoto wawili. Nduguye, Aoro, na mkewe Wandia, wote wawili madaktari, wanawachukua mayatima hao na kuwalea pamoja na watoto wao. Watoto hao wanarejea wakiwa vijana katika riwaya ya I Swear by Apollo ya mwaka wa 2002, ambayo jina lake limechotwa katika maneno ya kwanza ya kiapo cha kale cha matabibu.

The River and the Source ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1995, pamoja na tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza bora kwa kanda ya Afrika. Ilitahiniwa katika KCSE kwa zaidi ya kipindi kimoja, cha karibuni kikiwa kati ya 2013 na 2017.

Mnamo 2005 alichapisha Place of Destiny, inayomhusu mwanamke aliyefanikiwa katika biashara ambaye anagundua kwamba ana saratani isiyotibika. Riwaya hiyo nayo ilimpa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka wa 2007. Saratani ndiyo iliyokatiza maisha ya mwandishi mwenyewe mnamo Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 53. Riwaya yake ya mwisho, Mandate of the People, ilitoka mwaka uliofuata.

Leo mtoto anayezaliwa na virusi na kupewa dawa mapema anaweza kukua, kusoma na kuanzisha familia, na mama anayetumia dawa ipasavyo anaweza kujifungua mtoto asiye na virusi. Dkt Ogola alianza kazi kabla ya matumaini hayo kuwepo. Aliwatibu watoto wale kama watu wenye kesho, wakati ambapo wengi walikuwa wakiwahesabia siku.