Maji ya Kileleshwa yategemea udongo wa Aberdare

MAJI yanayotiririka mabombani katika mtaa wa Kileleshwa, jijini Nairobi, huanzia mbali na jiji. Takriban asilimia 95 ya maji ya Nairobi hutoka bonde la juu la mto Tana, mengi yakiteremka kutoka milima ya Aberdare. Hifadhi kuu ni bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, lenye uwezo wa lita bilioni 70.

Mvua inaponyesha kwenye miteremko iliyolimwa bila matuta, udongo humomonyoka hadi mitoni na kujaa mabwawani. Kiwanda cha kusafishia maji cha Ng'ethu hulazimika kutumia dawa zaidi, na gharama ya huduma hupanda.

Mnamo Machi 2015 ilizinduliwa Hazina ya Maji ya Upper Tana-Nairobi, ikiongozwa na shirika la The Nature Conservancy kwa ushirikiano na kampuni ya maji ya jiji, KenGen na wengineo. Utafiti uliotangulia ulikadiria kuwa dola milioni 10 zikiwekezwa katika hifadhi ya bonde hilo, zingeleta manufaa ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30.

Wakulima husaidiwa kujenga matuta, kupanda miti na nyasi za mifugo, na kuchimba vidimbwi vya kuvunia mvua. Mkulima anayeacha kulima ukingo wa mto hupoteza mavuno, ilhali maji safi hunywewa Kileleshwa. Asiponufaika, atarudisha jembe ukingoni, na mnywaji atalipia tope.