Mkono Mmoja Haulei Mwana: Huzuni ya Mtoto Wakati wa Janga na Wajibu wa Waliomzunguka

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, serikali ya Kenya iliamuru shule zifungwe. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirejea tarehe 12 Oktoba. Wenzao waliobaki walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Katika kipindi hicho chote Wakenya walijadili mihula iliyopotea, silabasi na tarehe za mitihani. Ni wachache waliouliza mtoto alikuwa na hali gani moyoni. Makala hii inadai kwamba madhara makubwa kwa afya ya akili ya watoto hayakutokana na ugonjwa peke yake. Yalitokana pia na kufungwa, kwa mpigo mmoja, kwa mahali pote ambapo huzuni ya mtoto huonekana na mtu mzima. Kwa hiyo tiba nayo ianzie hapo hapo.

Ukubwa wa tatizo una ushahidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Pediatrics ulikusanya tafiti 29 zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 80,000. Ulionyesha kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili nzito za sonona, na mmoja kati ya watano dalili nzito za wasiwasi. Nyingi za tafiti hizo zilitoka Asia Mashariki, Amerika Kaskazini na Ulaya. Mtoto wa Likoni au wa Kibera hakuhesabiwa. Mwaka huo huo jarida la The Lancet lilikadiria kwamba, kufikia mwisho wa Aprili 2021, watoto zaidi ya milioni 1.5 duniani walikuwa wamefiwa na mzazi, babu au nyanya aliyekuwa akiwalea au kuishi nao. Makadirio hayo yanatuhusu sana, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi mlezi halisi wa mtoto ni nyanya.

Tuitazame Mombasa. Kuanzia tarehe 8 Aprili 2020 safari za watu kuingia na kutoka katika kaunti hiyo zilizuiwa. Mwezi Mei, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake kwa wiki kadhaa. Misikiti na makanisa yalifungwa. Yalipofunguliwa mwezi Julai, masharti yaliwataka watoto walio chini ya miaka 13 na wazee waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani, na madrasa zikaendelea kufungwa. Masharti hayo yalikuwa na sababu zake za kiafya, nami siyapingi kwa jumla. Hata hivyo, tuone kilichokatika: mwalimu, maalim wa chuoni, imamu, kocha wa mpira wa mtaani na mama muuza mahamri wote walitoweka machoni pa mtoto, na yeye akatoweka machoni pao.

Taratibu za msiba ziliguswa vibaya zaidi. Matanga na hitima ni zaidi ya kumuaga marehemu. Mtoto huona watu wazima wakilia na kutulizana, akajifunza kwamba kilio kina mwanzo na kina mwisho. Shangazi naye humwona mtoto aliyejibanza pembeni, akamvuta karibu. Mwezi Aprili 2020 huko Siaya, mwanamume aliyekuwa amesafiri kutoka Mombasa alizikwa gizani, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga na maambukizi. Picha za mazishi yale zilizunguka kwenye simu nchi nzima, na watoto waliziona. Hakuna aliyeketi nao kuwaeleza walichokiona.

Tumchukulie mtoto wa miaka tisa aliyelelewa na nyanyake, naye nyanya akafariki mwezi Juni mwaka ule. Maiti imeondoka nyumbani asubuhi na wanaume wachache, na jioni nyumba imenyamaza kama kwamba hapakuwa na kitu. Ndara za marehemu zingali mlangoni, na mtoto huzipanga upya kila siku, vidole vikielekea ndani. Usiku hulalamika tumbo linamuuma. Hupewa dawa ya minyoo, kisha dawa ya vidonda vya tumbo. Shule zinapofunguliwa, haandiki kitu darasani, na mwalimu anamwita mvivu. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Kila mmoja ameona kipande tu, na hakuna aliyeviunga vipande hivyo.

Wapo wanaosema mambo haya ya afya ya akili ni ya kigeni. Kiswahili chenyewe kinawakanusha. Tuna simanzi, jitimai, fadhaa, ukiwa na jakamoyo, na kila neno lina kivuli chake. Kosa letu ni kwamba maneno haya tumewawekea watu wazima. Huzuni ya mtoto tunaiita deko, utundu au ujeuri, na jina baya huleta tiba mbaya. Wengine husema mtoto husahau upesi. Mtoto hurudi mchezoni upesi, ni kweli, lakini wataalamu wa makuzi wanatuonyesha kwamba yeye huomboleza kwa vipande: hucheza, hulia, kisha hurudi kucheza.

Shule zilipofunguliwa, kalenda ya mwaka 2021 ilibanwa ili kufidia muda uliopotea, na likizo zikawa fupi. Mwezi Oktoba na Novemba mabweni kadhaa yaliteketea. Moto shuleni ulikuwapo kabla ya korona, kwa hiyo si haki kuutwika ugonjwa huo peke yake. Lakini inafundisha kuona kwamba miongoni mwa majibu yaliyosikika mwaka ule ni wito wa kurudisha kiboko, kilichopigwa marufuku tangu mwaka 2001. Vijana waliotoka katika miezi tisa ya hofu na vifo walidaiwa nidhamu kabla hawajaulizwa habari zao.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba wataalamu hawatoshi. Kweli hawatoshi, na hawatatosha kwa miaka mingi. Ndiyo maana utafiti wa mradi wa Shamiri, uliochapishwa katika jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2021, una uzito. Wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi waliketi katika vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Walioliongoza kundi moja katika mazungumzo ya kukua, shukrani na maadili yao walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni na kupewa mafunzo mafupi. Dalili za kundi hilo zilipungua zaidi kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Zimbabwe nayo imeonyesha, kwa upande wa watu wazima, kwamba nyanya aliyefundishwa, akiketi na mgonjwa kwenye benchi, hupunguza sonona.

Basi mpango wa janga lijalo uwe na mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu, maalim na mhudumu wa afya ya jamii afundishwe kutambua dalili chache: tumbo lisilopona, usingizi uliopotea, ukimya wa ghafla, na ajue ampeleke wapi mtoto aliyezidiwa. Pili, mtu mmoja nje ya nyumba apewe jukumu la kumjulia hali kila mtoto, maana kwa baadhi yao hatari ilikuwa ndani ya nyumba. Simu ya msaada kwa watoto, nambari 116, husaidia, lakini mtoto wa miaka sita hana simu. Tatu, mazishi yakipunguzwa watu, mtoto wa marehemu asiwe wa kwanza kupunguzwa.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mwaka 2020 tuliuacha mkono mmoja, nao mara nyingi ulikuwa wa mama aliyepoteza kazi na kufiwa yeye mwenyewe. Mtoto wetu wa ndara hakuhitaji kwanza daktari bingwa. Alihitaji mtu mzima wa kuchuchumaa kando yake pale mlangoni, amuulize hizo ndara ni za nani, kisha asikilize mpaka mwisho.