Si Kila Damu ni Kimeta

Milima ya Nyambene nchini Kenya inaposhuka mashariki mwa Maua kuelekea Mbuga ya Taifa ya Meru, mbung'o ni majirani wa zamani. Hata hivyo ng'ombe akitokwa damu puani au masikioni, jibu la haraka ni kimeta. Wengine husema ndorobo, yaani nagana inayoenezwa na mbung'o, humkondesha ng'ombe tu, haimvujishi damu. Husema pia kwamba maradhi yaliyoua ng'ombe kwa kuvuja damu ni ya kirusi kipya cha pwani.

Madai hayo yana kasoro mbili. Kwanza, si kirusi. Pili, si kipya. Kila kitabu cha shule humtaja David Bruce, aliyeona vimelea vya nagana kule Zululand mwaka 1895, kisha historia inakatika ghafla. Kumbe mwaka 1944 J. R. Hudson alikwisha kuandika kuhusu ndorobo kali kwa ng'ombe, inayoletwa na Trypanosoma vivax. Mwaka 1981 Mwongela, Kovatch na Fazil wakaeleza ugonjwa huo mkali kwa ng'ombe wa maziwa Mkoa wa Pwani, na mwaka 1983 Wellde na wenzake, Mwongela akiwemo, wakaueleza wazi kuwa ni wa kuvuja damu. Makala hizo fupi zinastahili kusomwa kuliko sifa nyingi za Bruce.

Kwa nini damu ivuje? Mshipa ukichubuka, utando wa msingi ulio chini ya ngozi yake ya ndani hubaki wazi, na chembe sahani hunasa hapo na kushikamana hadi tundu lizibwe. Vimelea hivi hupunguza chembe hizo. Wellde na wenzake walionyesha hivyo mwaka 1978 kwa ng'ombe walioambukizwa Trypanosoma congolense, kimelea wa jamii moja na vivax. Chembe sahani zikiwa chache mno, tundu dogo halizibiki. Hapo ng'ombe huvuja hata tumboni, mahali ambapo mfugaji haoni.

Mwaka huohuo wa 1978, nchini Marekani, Freytag na wenzake, akiwemo Billy Hudson (jina la ukoo lilelile, ila si yule Hudson wa 1944), walichapisha utafiti juu ya utando wa msingi wa vichujio vya figo na namna unavyokutana na chembe sahani. Utando wenyewe waliutoa kwenye figo za ng'ombe. Chaguo la busara: figo za machinjioni ni kubwa na hupatikana kwa wingi. Lakini utafiti wa namna hiyo ulilenga zaidi kuelewa figo za binadamu. Ng'ombe alitoa figo, na ng'ombe mgonjwa wa ndorobo hakuwa sehemu ya swali. Siwalaumu wanakemia; nawalaumu walioandika historia ya nagana kana kwamba ni hadithi ya nzi na dawa, damu yenyewe ikaachwa kando.

Berenil, dawa ya ndorobo, ilipoingia sokoni miaka ya 1950, wengi waliona mambo yamekwisha. Hayakwisha.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji wa Igembe, ukiona damu inatoka usimpasue ng'ombe wala kumla, maana kimeta nacho kipo na kinaua watu. Mwite daktari wa mifugo achukue tone la damu ya sikio kwenye kioo. Hadubini ndiyo itakayotofautisha kimeta na ndorobo.