Banda la Basi na Waharibifu Wake

Mtu atakayetafuta asili ya jina ambalo watu wa Ulaya huuita uharibifu wa mali ya umma ataongozwa, pengine kwa mshangao, mpaka Afrika. Wavandali walikuwa kabila la Kijerumani lililovuka bahari kutoka Hispania mwaka 429, likauteka mji wa Carthage mwaka 439, na kutoka huko, chini ya mfalme wao Geiseric, likaenda Roma kwa merikebu mwaka 455. Walikaa katika mji ule siku 14. Mwandishi Procopius asema katika tarikh yake kwamba miongoni mwa nyara walizochukua ilikuwamo nusu ya paa la hekalu la Jupiter, paa la shaba lililopakwa dhahabu. Wanahistoria wa siku hizi wamewapunguzia hatia: Wavandali waliupora mji kuliko walivyoubomoa. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuwashika. Mwaka 1794 padre Henri Grégoire, alipolipelekea Baraza la Mapinduzi la Ufaransa taarifa juu ya sanamu, vitabu na majengo yaliyokuwa yakivunjwa, aliuita uharibifu ule kwa jina la kabila hilo, na tangu hapo kila kijana avunjaye kioo cha kituo cha basi huitwa Mvandali bila ya kujua kwamba ana babu wa kubandikwa.

Kiswahili hakikulichukua jina hilo, na mimi sioni kwamba tumepata hasara. Sisi tuna uharibifu, tuna wizi, na tuna hujuma, na kila moja la maneno hayo lamwuliza mtendaji nia yake kabla ya kumhukumu. Nitakavyojaribu kuonyesha, historia ya banda la abiria haieleweki mpaka nia hizo zitengwe, ingawa yule aliyesimama kungojea basi hulipia zote kwa bei moja.

Nilianza na paa la Roma kwa sababu paa ndilo nililolikosa mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipanda basi kila asubuhi katika kituo kimoja cha pembezoni mwa mji, ambacho sina haja ya kukitaja. Palikuwa na nguzo nne za chuma, mabati matatu, na ubao wa kukalia. Ubao ndio uliotangulia kuondoka. Kisha likaenda bati moja, na baada ya masika mabati mawili yaliyosalia yakalifuata. Mwisho, usiku mmoja, nguzo mbili zilikatwa kwa msumeno chini kabisa, kwa usafi ambao fundi mwaminifu angeonea fahari. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipeleka samaki sokoni, alilitua beseni lake pale ambapo zamani palikuwa na kivuli, akanitazama akasema, “Mwanangu, hawa wamechukua kivuli chetu wakakiuza kwa kilo.” Sijasoma mahali popote maelezo mafupi zaidi ya biashara ya vyuma chakavu. Biashara hiyo yenyewe si haramu, nayo huwalisha watu wengi. Lakini mizani ya mnunuzi haiulizi chuma kimetoka wapi. Nchini Kenya, Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku kwa muda baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Giza la nchi nzima lilisikika mpaka Ikulu. Jua la kituo kimoja halisikiki.

Banda la basi si jengo la kale. Maadamu watu walisafiri kwa miguu au kwa punda, kivuli chao kilikuwa mwembe wa njiani, na mwembe hauna msumari wa kung’oa. Ilikuwa basi lenye ratiba lililomlazimisha mtu asimame mahali palipopangwa kwa muda asioupanga yeye, na kwa hiyo likazua swali la nani amsitiri. Uingereza ililijibu kwa sheria: mwaka 1953 halmashauri za miji zilipewa idhini ya kujenga mabanda ya abiria, na mwaka 1957 idhini kama hiyo ikafika mpaka kwenye mabaraza madogo ya vijiji. Mabanda mengi ya zama zile yalikuwa ya matofali, mbao au zege, mazito kama ghala. Yalisitiri mvua vizuri. Yalisitiri pia kila lililotendwa ndani, maana mtu wa barabarani hakuweza kuona kinachofanyika nyuma ya ukuta.

Huko ndiko waharibifu wa namna ya pili walikojulikana, nao hawakuwa wezi. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza walikagua mabasi ya ghorofa ya mji wa Manchester, wakahesabu viti vilivyochanwa na maandishi yaliyochorwa. Utafiti wao, uliotolewa mwaka 1976, ulionyesha kwamba ghorofa ya juu iliharibiwa kupita ya chini, viti vya nyuma kupita vya mbele, na mabasi yaliyoendeshwa na dereva peke yake kupita yale yenye kondakta. Matokeo hayo yastahili kutazamwa kwa kituo. Watoto walikuwa wale wale, mji ule ule, na malezi yale yale. Kilichopungua ni jicho la mtu mmoja mwenye mkoba wa tikiti. Makampuni yalikuwa yamemwachisha kazi kondakta ili kupunguza gharama, na sehemu ya gharama hiyo ikarudi kwa mlango wa nyuma katika bei ya vitambaa na vioo. Mwanachuoni Stanley Cohen alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1973, kwamba uharibifu si kitu kimoja: upo wa kujipatia mali, upo wa kulipiza kisasi, upo wa kutangaza madai, na upo wa mchezo mtupu, ambapo kioo huvunjwa kwa sababu ya mlio wake. Sisi tuliokulia karibu na taa za barabarani na mawe ya kurusha hatuhitaji kitabu kutufahamisha namna hii ya mwisho.

Ufaransa ilifuata njia nyingine. Mwaka 1964 Jean-Claude Decaux aliupelekea mji wa Lyon shauri ambalo halmashauri yoyote yenye mfuko mwembamba ingelikubali: yeye atajenga mabanda, atayaosha na kuyatengeneza bila ya mji kutoa fedha, naye atapata haki ya kubandika matangazo ya biashara ubavuni mwake. Kwa mara ya kwanza kioo kilichovunjika kilikuwa na mwenyewe wa kukilalamikia, kwa kuwa tangazo lililochanika halileti faida. Shauri hili lilienea katika miji mingi ya dunia, na siwezi kukataa kwamba lilifanya kazi. Lakini lina kasoro ambayo wasifu wake hawaitaji: mwenye matangazo hutafuta macho yenye fedha. Hapakuwa na sababu ya kibiashara ya kumjengea banda mchuuzi wa samaki.

Ni nini hasa apotezacho abiria? Watu husema ni starehe, na hapo ndipo wanapokosea. Uchunguzi uliofanywa katika miji ya Minneapolis na Saint Paul, Marekani, ukatolewa mwaka 2016, uliwauliza abiria walidhani wamengoja dakika ngapi, kisha ukalinganisha na dakika halisi. Pasipo na banda wala kiti, muda ulionekana mrefu kuliko ulivyokuwa. Na kwa wanawake waliosimama mahali walipopaona pa hatari, ulirefuka kuliko kwa wanaume. Kwa hiyo aliyeiba taa ya kituo ameiba pia saa ya mwanamke atokaye kazini magharibi. Huyo, akiwa na nauli ya kuongeza, atapanda pikipiki. Akiwa hana, ataacha kazi ya jioni. Katika daftari za halmashauri hasara huandikwa kwa thamani ya bati. Ile nyingine haina safu ya kuandikwa.

Jambo hili limebadilika sura katika Dar es Salaam, na mabadiliko hayo naona hayajaelezwa vya kutosha. Katika siku za Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 1974, na baadaye katika siku za daladala, zilizohalalishwa mwaka 1983 na kupata jina lao kutokana na nauli ya shilingi 5 iliyoitwa “dala”, kituo kilikuwa mahali tu. Ukivunja banda, basi husimama vile vile, na utingo huita abiria vile vile. Wasafiri hulowa, lakini husafiri. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi yake, ni ya namna nyingine. Kituo kimewekwa katikati ya barabara. Sakafu yake imeinuliwa ilingane na sakafu ya basi. Tikiti hukatwa humo kabla ya basi kufika. Hapa kituo ni kiungo cha chombo chenyewe, kama ngazi ilivyo kiungo cha nyumba ya ghorofa. Mlango wa basi ukifunguka pasipo sakafu ya kituo, abiria atazame juu kama atazamaye dirisha.

Kwa hiyo tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, waandamanaji walipochoma na kuvunja vituo katika barabara ya Morogoro, waliovunja na waliokuwa wakitazama hawakuona kwamba jiwe lile limekuwa zito kuliko mawe ya zamani. Sitaki nieleweke vibaya. Watu wengi waliuawa katika siku zile, na mwandishi atakayehesabu vioo kabla ya kuhesabu maiti amekosa adabu ya historia. Wala sidhani kwamba hasira ile ilikuwa mchezo wa watoto wa Manchester. Santiago, mji mkuu wa Chile, Oktoba 2019, nauli ya treni za mjini iliongezwa peso 30, na katika ghasia zilizofuata vituo zaidi ya 100 kati ya 136 viliharibiwa. Huko pia moto ulianzia penye tikiti, kwa sababu hapo ndipo raia akutanapo na serikali kila siku, uso kwa uso, akiwa amechoka. Abiria wa Kimara walikuwa wamekwisha kulalamika miaka mingi juu ya uchache wa mabasi na msongamano. Kituo kilikuwa kimesimama kwa niaba ya wakubwa wasioonekana.

Lakini wakubwa hawapandi pale. Nia tatu nilizozitaja, mchezo, wizi na ghadhabu, zimetoka katika nyoyo tatu mbalimbali, na sheria ifanye vyema ikizipa hukumu mbalimbali. Mtu asimamaye kando ya njia alfajiri, akiwa na mtoto mgongoni, hana njia ya kuzitofautisha.

Kuna banda moja ambalo hutajwa katika habari hizi kama maajabu. Liko katika kisiwa cha Unst, kaskazini kabisa ya Uskoti, penye upepo ambao sisi hatuujui. Mwaka 1996 mtoto wa miaka 7, aliyekuwa akingojea hapo basi la shule, aliandika barua gazetini kulalamika kwamba banda limeondolewa. Likarudishwa jipya, na baada ya muda mkono usiojulikana ukaweka ndani kiti cha sofa na meza. Wengine wakaongeza televisheni na mapazia, na wanakijiji wakawa wakilipamba upya mara kwa mara. Wengi husimulia habari hii wakitaja wema wa watu wa visiwani. Mimi naitazama ile barua. Mama wa samaki hakuandika barua, na sijui angeipeleka kwa nani. Nilipopita pale mara ya mwisho zilikuwa zimesalia nguzo mbili, na mtu amefunga kamba kati yake, akaanika nguo.