Zima Kwanza

Baba mdogo husalimia kwa mkono wa kushoto. Kwetu Mbulu hilo ni kosa la adabu, kwa hiyo akikutana na mgeni huanza kwa kuomba radhi, kisha huonyesha wa kulia: kidole gumba na nusu ya kidole cha shahada. Vingine vilichukuliwa na mashine ya kufunga marobota ya mabua ya ngano, katika shamba moja la Hanang ambalo sitalitaja.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu ngano ya Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa saba kuzunguka Basotu, karibu ekari 100,000 kwa jumla. Kilimo chenyewe kiliigwa kutoka nyanda za ngano za Kanada: matrekta makubwa, mashine za kuvuna, mabomba yenye parafujo ndani ya kupandishia nafaka. Ardhi ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Hata bung'eda, makaburi ya wazee wao, yalipitiwa na majembe ya trekta. Mwaka 1984 wanakijiji wa Mulbadaw walishinda kesi Mahakama Kuu, lakini Mahakama ya Rufani ikaja kutengua sehemu kubwa ya ushindi huo.

Historia hiyo ya ardhi imeandikwa, na ilistahili kuandikwa. Ila katika niliyoyasoma, mashine huhesabiwa kwa idadi na kwa ekari. Aliyesimama kando yake simwoni. Ndiyo maana nilimuuliza baba mdogo.

"Ilikwama," alisema.

"Kwa nini hamkuizima?"

"Mwanangu, dereva alikuwa juu ya trekta, mimi nyuma. Hatuonani. Na mawingu yalishatanda."

Mabua yakilowa huoza ndani ya robota, kwa hiyo mvua ikikaribia kila mtu hukimbia. Shafti inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Shati likinaswa, mtu hapati hata muda wa kupiga kelele. Ngao ya shafti ile ilikuwa imefunguliwa ili kupaka grisi, na haikurudishwa. Mabua yaliyokwama nayo yana hila: ukiyavuta, mashine huyavuta kwa kasi kuliko unavyoweza kuyaachia.

Sheria ilikuwepo. Sheria ya Viwanda ya 1950, iliyotungwa na serikali ya kikoloni, ilitaka sehemu za hatari za mashine zizungushiwe kinga. Lakini ilikuwa sheria ya viwanda, na vibarua wa shambani walibaki mbali na macho yake. Sheria Na. 5 ya 2003 ilipoishika nafasi yake, ilizungumzia usalama na afya mahali pa kazi, neno pana zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza 2015. Baba mdogo aliumia kabla ya hapo. Alilipwa siku zake za kazi na nauli ya kurudi Mbulu.

Kinga yenyewe si elimu ya ajabu. Ngao irudi kabla injini haijawashwa. Mkanda wa kusafirishia mizigo uwe na kamba ya dharura pembeni, ambayo yeyote anaweza kuivuta, na kinga pale mkanda unapokutana na rola. Na anayeingiza mkono ndiye akae na ufunguo mfukoni mwake, asimwachie dereva, wala msimamizi.

Msimu uliopita jirani yetu alikodi mashine ya marobota. Baba mdogo alikwenda bila kuitwa. Mashine ilipokwama, kijana mmoja aliinama kuchomoa mabua huku injini ikinguruma.

"Ufunguo uko wapi?" baba mdogo alimpigia kelele dereva, akanyoosha mkono wa kulia kuupokea. Safari hii hakuomba radhi.